Likizo ya Kiguu na Njia

Shangazi hakuwahi kutoka mlangoni bila ndimu mkononi. Haikuwa ndimu ya kupikia. Ilikuwa ndogo na ngumu, ya kijani inayoanza kugeuka njano, na aliibana katika kiganja cha kushoto kama mtu aliyemshika mtoto mkono barabarani. Akienda kazini, ndimu. Akienda msibani, ndimu. Siku aliyolazwa hospitali, muuguzi alimwambia afungue kiganja ampime mapigo ya moyo, ndimu ikadondoka na kubingirika hadi chini ya kitanda. Shangazi akasema, "Niokotee hiyo kwanza. Mapigo hayaendi popote."

Ndimu ilikuwa ya magari. Gari lilimkataa shangazi tangu akiwa msichana. Akipanda, kabla konda hajamaliza kukusanya nauli yeye ameshaomba mfuko, na abiria wa jirani wameshaanza kujikunja kuelekea dirishani. Mama yake, Mungu amrehemu, aliwaachia watoto wake sheria mbili za safari: msafiri hali kitu tangu anapoamka, na msafiri analamba ndimu. "Tumbo likiwa tupu litatoa nini?" alikuwa akiuliza yule bibi. Hakuna mtu aliyemjibu, ingawa tumbo la shangazi lilimjibu kila safari.

Basi shangazi akaachana na magari, akabaki na miguu yake, na ndimu ikabaki mkononi kwa mazoea. Alitembea kwenda kazini, sokoni, hata kwenye mazishi ya mbali, akitangulia siku moja kabla ya wenzake na kukuta jeneza bado halijafika. Wakamwita Kiguu na Njia, naye akaitikia. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali ya mji wao, mji mdogo wa bara wenye kituo cha treni kisichokuwa na treni. Miaka na miaka alinyoosha mashuka ya wagonjwa mpaka mkono wake ukapata ugonjwa wake wenyewe: popote alipoona kitambaa kimejikunja, lazima akipapase. Alinyoosha vitambaa vya meza za watu na kola za wachungaji. Siku moja alimnyooshea hakimu mkono wa koti wakiwa kwenye foleni ya benki, na hakimu akasema ahsante.

Mpwa wake, mtoto wa kaka yake, alikulia katika chumba hicho cha kufulia. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, na baba yake alikuwa mtu wa kazi za mbali. Shangazi alimlaza kwenye kapu la mashuka safi yenye joto, akamlea, akamsomesha hadi chuo. Chuo kikampeleka kwenye jiji kubwa la pwani, na jiji halikumrudisha. Huko alipata kazi katika kiwanda cha uchapaji, kusoma vitabu vya shule kabla havijachapwa na kusaka makosa. Huko alipata mume, na huko ndiko ilikofungwa harusi.

Na huko kwenye harusi, kiti cha mbele upande wa bibi harusi kilikaa kitupu.

Shangazi alituma salamu kwamba ameshikwa na homa. Mpwa alizipokea salamu hizo, akazikunja, akaziweka moyoni mahali ambapo mtu huweka vitu asivyotaka kuvitazama. Maana wiki chache kabla alikuwa amempeleka mchumba wake akaonekane, na shangazi, baada ya mgeni kuondoka, alikuwa amesema neno moja tu: "Anacheka sana." Mpwa alilipima neno hilo kila upande, akakata shauri kuwa ni hukumu. Shangazi hakumtaka yule bwana, na homa ilikuwa njia ya heshima ya kusema hivyo.

Yule bwana kweli alicheka sana. Baadaye akapunguza kucheka, kisha akaacha, kisha akaondoka. Mpwa akabaki na mtoto wa kiume, vyumba viwili ghorofa ya juu karibu na reli, na fikira kwamba shangazi aliona mapema. Walipigiana simu kila Jumapili. Waliongea juu ya miguu, bei ya mkaa, na masomo ya mtoto. Harusi hawakuigusa. Mtoto alikua, akaenda kuanza maisha yake, na shangazi alikuwa bado hajakanyaga kizingiti cha nyumba ile.

Mwaka ambao shangazi alistaafu, ile treni ya abiria iliyolala miaka mingi ikaamshwa. Mpwa alisikia habari redioni akiwa anaosha vyombo, akapiga simu na mikono yenye povu.

"Shangazi, njoo upumzike kwangu wiki nzima. Uje uone bahari."

"Treni nayo si gari?"

"Si gari. Ni nyumba inayotembea."

Shangazi akauliza, "Na huko jijini nitatembezwa na nini?"

"Na miguu yako. Sitakupandisha gari hata moja. Naapa."

Kiapo ni rahisi kwenye simu. Kazi ilianza alipokata. Jiji lilikuwa kubwa, kila mtu alilizunguka kwa magurudumu, na mfuko wa mpwa ulikuwa mfuko wa msomaji wa makosa. Hoteli haikuwa ya kuwaza: shangazi atalala kitandani, mwenyeji atalala kwenye kochi. Ila siku zote zile watafanya nini? Kila jioni akitoka kiwandani alipita njia nyingine, akitembea mwendo wa mama wa miaka sitini na kitu. Alikalia kila benchi ili kujua lipi lina kivuli saa za mchana. Aliulizia vyoo. Aligundua bustani ya manispaa isiyo na kiingilio, jumba la makumbusho linaloruhusu watu bure Alhamisi, soko la vitambaa ambalo kutazama hakulipiwi, na ngazi za posta ya zamani ambazo mtu akikaa juu yake huona jiji lote likipita. Treni ya mjini ilisimama karibu na nyumba yake na kufika hadi bandarini, na yenyewe ilikuwa reli, siyo gari. Chakula watabeba. Polepole wiki ikaanza kupata umbo.

Kaka yake mpwa, ambaye naye aliishi jijini na alikuwa na gari jeupe alilolipenda kuliko majirani zake, aliposikia mpango alipandisha sauti.

"Aibu gani hii! Shangazi aje mara moja maishani, wewe unamtembeza kwa miguu kama mbuzi wa mnada?"

"Gari linamkataa, unajua."

"Yalikuwa magari ya zamani. Langu lina kiyoyozi. Nitamfungulia na dirisha."

"Uchague moja, kiyoyozi au dirisha."

"Dada, wewe ukisoma sana unakuwa mbishi. Akitapika, mimi nitaosha."

"Na asiporudi tena, utaosha nini?"

Hapo ndipo mpwa alipojisikia akisema kile alichokuwa akikiogopa: kwamba shangazi akiharibikiwa mara hii, hata mara moja, hatarudi. Atapanda treni yake, ataenda zake, na kile kiti kitupu kitabaki kitupu mpaka mmoja wao afe.

Bahari yenyewe ilikuwa ya mwisho katika mpango. Upande wao wa jiji ilikuwa imezibwa na makontena, kreni za bandari na mawe. Ufuko wa mchanga ulikuwa ng'ambo ya mlango wa bandari, na watu walivuka kwa kivuko. Mpwa alifurahi: kivuko si gari, na nauli yake haimtishi mtu. Alimsimulia fundi viatu wa chini ya ghorofa, aliyekuwa akimwekea shangazi raba mpya kwenye soli za viatu alivyonunuliwa. Fundi alisikiliza akiwa na misumari midomoni, kisha akaitoa mmoja mmoja.

"Dada, huyu mama gari linamtapisha."

"Ndiyo."

"Kwa sababu linayumba."

"Ndiyo."

"Na wewe umempangia mashua kubwa."

Mpwa alisimama pale na kiatu kimoja mkononi. Kutwa nzima alikuwa akisaka makosa ya watu wengine, na lake lilikuwa na ukubwa wa kubeba malori.

Shangazi alishuka kwenye treni akiwa mzima, ameshika ndimu, nguo hazina mkunjo hata mmoja. Alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa kwenye kumbukumbu. Walikumbatiana wakiwa na aibu kidogo, kama watu waliozoeana kwa sauti tu.

"Hukutapika?"

"Sikutapika! Reli haina mashimo." Kisha akashusha sauti. "Ila nimevunja mwiko, mwanangu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alitoa mkate na mayai, akanigawia. Ningemkatalia vipi na macho yake yananitazama? Nikala."

"Hakuna atakayejua," mpwa alisema, na kweli hata yeye hakulifikiria tena jambo hilo.

Siku za kwanza zilikwenda kama zilivyopangwa, na pengine zaidi. Shangazi alitembea jiji zima na kumchosha mwenyeji wake. Kwenye makumbusho alisimama muda mrefu mbele ya nguo za watu wa kale, akauliza mlinzi, "Hizi ni nani anazinyoosha?" Mlinzi akasema hazinyooshwi, zitachanika. Shangazi akamtazama kwa huruma, akafunga mikono mgongoni ili isimponyoke. Sokoni aligusa kila kitambaa na hakununua, mpaka muuzaji mmoja akamwambia, "Mama, umenishikia duka zima, angalau niambie kitambaa kipi kimekufurahisha." Nyumbani alipiga pasi mapazia, na alipoyamaliza akageukia mifuko ya mito. Mpwa alimtazama kutoka kwenye kochi na alijisikia kama mtu aliyerudishwa ndani ya kapu la mashuka.

Lakini alikuwa roho juu. Alikuwa ameiacha bahari mwisho, kisha akaanza kuizungukazunguka. Leo kuna upepo, alisema. Kesho labda kutakuwa na watu wengi.

"Mwanangu," shangazi alisema asubuhi moja, akifunga kamba za viatu vyake vipya, "mimi sikuja kuona ngazi za posta. Ni nzuri, lakini sikuja kwa ajili yake. Unaninyima bahari kwa nini?"

Mpwa akamwambia ukweli kuhusu kivuko.

Shangazi akatazama ndimu yake. "Kinayumba sana?"

"Kidogo. Sijui. Kidogo."

"Basi leo sili kitu," alisema kwa sauti ya mtu aliyeamua, na mpwa, msomi wa chuo, akatikisa kichwa kukubali. Hata yeye mwenyewe hakula. Ndivyo walivyosafiri watu wa kwao.

Kivuko kilikuwa kimejaa baiskeli, matenga, wanafunzi na watu waliobeba magodoro. Walipata nafasi kwenye benchi la chuma kando ya kizuizi. Kabla hata kamba hazijafunguliwa shangazi alikuwa ameanza kulamba ndimu, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Injini ilipotikisa sakafu alifumba macho. Jasho jembamba likatokea juu ya mdomo wake.

Mpwa alimshika bega. Aliwaza kushuka, lakini mlango ulishafungwa na maji yalikuwa yanapanuka kati yao na nchi kavu. Alipekua mkoba akitafuta mfuko, akapata kila kitu ila mfuko.

Mama mmoja aliyepita na beseni la mikate kichwani alisimama mbele yao. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuuzia vitu kwenye upepo.

"Huyu bibi vipi?"

"Chombo kinamsumbua."

"Mpe mkate."

"Hali. Anasafiri."

"Anasafiri?" Yule mama aliangalia ufuko wa ng'ambo, ambao ulionekana wazi pamoja na mbwa wake. "Hapo? Mimi nasafiri namna hiyo mara kumi kabla ya chakula cha mchana! Shika, bibi."

"Nitautapika," shangazi alisema bila kufumbua macho.

"Utapike. Angalau utatapika kitu cha maana. Ndimu tupu utaitapikaje? Utatoa nini, maji ya kufulia?"

Abiria wa karibu wakacheka. Shangazi, labda kwa kukata tamaa, labda kwa lile neno la kufulia, aliupokea mkate, akauma. Akatafuna. Akauma tena. Mkono wa mpwa ulikuwa umeshaandaliwa chini ya kidevu cha shangazi kama beseni.

Hakuna kilichotoka.

Kivuko kilipita katikati, mahali ambapo maji ya wazi yanaingia na chombo hunyanyuka na kushuka. Kilinyanyuka. Kikashuka. Shangazi alifumbua jicho moja, kisha la pili. Rangi ilikuwa inarudi usoni mwake kama maji yanavyopanda kwenye shuka. Alimaliza mkate. Akaomba mwingine.

Alikula ule wa pili akitazama mbele, akitafuna polepole zaidi, na mpwa aliona kwamba kuna kitu anakihesabu ndani ya kichwa chake.

"Kwenye treni nilikula," shangazi alisema mwishowe.

"Ndiyo, ulisema."

"Na hapa nimekula." Alikung'uta makombo kwenye mapaja, akanyoosha gauni kwa kiganja. "Siku ya harusi yako sikula."

Mpwa aligeuka. "Siku ya harusi yangu ulikuwa na homa."

"Homa gani? Nilipanda basi la alfajiri. Nilikuwa na gauni jipya, nimelikunja ndani ya karatasi ili lisichafuke. Nililamba ndimu mpaka ikaisha. Nilitapika mpaka dereva akasimamisha basi, abiria wakasema huyu mama atatufia. Nikashuka. Nikakaa kwenye ngazi za duka la mbegu, mwenye duka akaniletea maji. Nikangoja nipate nguvu nipande basi jingine. Likaja, nikainuka, miguu ikakataa. Likaja la pili, ikakataa tena. Jua likapanda, nikajua sasa wanakufungisha ndoa. Nikaanza kutembea kurudi nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimekulea, nimekusomesha, halafu nimeshindwa na basi? Homa ina heshima."

Upepo ulikuwa ukivuta nywele za mpwa mdomoni na hakuziondoa. "Nilidhani ulikataa kuja," alisema. "Nilidhani ni kwa ajili yake. Ulisema anacheka sana."

"Si alikuwa anacheka sana?" Shangazi alishangaa. "Nyumba yetu ilikuwa haina mtu wa kucheka. Mimi nilimpenda yule kijana. Nilisema, sasa mtoto wangu amepata mtu wa kucheka naye."

Kitu ambacho mpwa alikuwa amekikunja kwa miaka yote ile kilikuwa kinafunguka, na ndani yake hakukuwa na kitu. Hapakuwa na hukumu. Palikuwa na mwanamke mmoja kwenye ngazi za duka la mbegu, na gauni lililofungwa kwenye karatasi.

"Kwa hiyo," shangazi alisema taratibu, akiutazama mkono wake wenye makombo, "ningekula mkate tu?"

Walitazamana. Shangazi ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo puani kama birika linaloanza kuchemka, kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana, mpaka wenye magodoro wakageuka kuwatazama, na katikati ya kicheko mmoja wao alikuwa analia. Muuza mikate alirudi haraka.

"Mmeona? Nimewaambia nini? Niwaongezee?"

Ng'ambo, shangazi alivua viatu vyake vya soli mpya na kusimama pale mchanga unapolowa. Bahari ilikuja na mikunjo yake, ikamfikia miguuni, ikaondoka, ikaja na mingine. Aliiangalia kwa muda mrefu, kazi yote ile mbele yake.

"Hii," alisema, "mimi nimestaafu."

Siku iliyofuata kaka mtu alikuja na gari jeupe, amepata habari, akitabasamu hadi masikioni. "Shangazi! Kumbe ilikuwa njaa tu! Kula ushibe, tuondoke, nikuonyeshe jiji." Alipobanwa na dada yake alikiri kwamba naye hutapika akiwa abiria, na ndiyo maana hamwachii mtu mwingine usukani. Shangazi alicheka, akamfuta vumbi begani.

"Mwanangu, nimetembea maisha yangu yote kwa kulazimika. Niachie siku hizi zilizobaki nitembee kwa kupenda."

Wakatembea. Kaka aliacha gari chini ya ghorofa, akaungana nao mpaka kwenye ngazi za posta, na alilalamika visigino njia nzima.

Shangazi alikuja tena mwaka uliofuata, na mingine baada ya huo. Kila mara mpwa alipanga njia upya, fupi zaidi, na mabenchi mengi zaidi. Ndimu haikumtoka mkononi, ila alikuwa anainusa tu, halambi. Na hakumruhusu mtu yeyote aondoke nyumbani, hata anayekwenda dukani, bila kumwuliza ameweka nini tumboni.

Mara ya mwisho alikuwa amekonda, na kutoka nyumbani hadi kituoni walipumzika kila mahali palipokalika. Alipanda treni, akakaa dirishani, akapapasa pazia la behewa hadi likanyooka. Mpwa alisimama chini kwenye jukwaa. Machozi yalikuwa yameanza, na hakujua kwa nini siku hiyo hasa, wala hakuyaficha.

Shangazi aliinama kwenye dirisha. "Umekula wewe?"

Mpwa akatikisa kichwa kukataa. Behewa likashtuka, likaanza kujivuta.

"Nenda ukale kwanza, mwanangu," shangazi alisema. "Kulia utalia ukishiba."